Kwa Mama Mkubwa, Pemba: siku sita na ndege ndogo

Siku ya kwanza, Jumanne. Mombasa hadi Unguja

Mama hakulala. Saa tisa usiku nilimsikia akifungua begi, akilifunga, akilifungua tena. Ndani mlikuwa na doti nne za leso kutoka Biashara Street, makopo mawili ya achari ya embe, halua, mabuyu, kachiri za muhogo, na chupa kubwa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Vyote vya dada yake.

Nilipoliinua lile begi nilijua tutapata taabu. Mimi ni karani bandarini Kilindini. Miaka kumi na sita kazi yangu ni kuhesabu mizigo na kusimama kando ya mizani, na mkono wangu umeshazoea. Lile lilikuwa linakaribia kilo 20, na tiketi yetu ya Pemba inaruhusu 15. Nikanyamaza. Mtu anayemwendea dada yake ambaye hajamwona tangu mwaka 2006 humwambii apunguze achari saa tisa za usiku.

Mama ana miaka sabini. Alizaliwa Pemba, upande wa Wete, akaletwa Mombasa na wazee wake kwa mashua, kwa upepo wa kusi, akiwa na miaka tisa. Dada yake alikuwa ameshaposwa, akabaki. Zamani walitembeleana, kwani watu walivuka kwa vyombo bila kuulizwa makaratasi. Kisha mambo yakabana, na Mama hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Wapemba wengi wa Pwani yetu, kuanzia Vanga na Shimoni mpaka Kilifi, waliishi hivyo hivyo mpaka Serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Mama akapata kitambulisho, halafu pasipoti. Siku alipoipata hakusema anataka kwenda Makka wala Dubai. Alisema, "Sasa nipeleke kwa dadangu, lakini baharini sipiti."

Kwa nini hapiti baharini nitaeleza kesho, tukifika pale penyewe.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Pemba hatukuipata. Ukitazama ramani inauma. Ncha ya kaskazini ya Pemba haifiki hata kilomita mia moja kutoka Likoni, lakini njia yetu ilikuwa kuipita Pemba, kwenda mpaka Unguja, tulale, ndipo turudi juu kaskazini kwa ndege nyingine ndogo zaidi. Unamzunguka jirani ili upate kubisha mlango wake.

Uwanja wa Moi Mama bado anauita Port Reitz, kama wazee wote wa Mombasa. Walioishi zama za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza, wanakumbuka ndege za Dakota zikiifuata pwani hii: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Leo safari nyingi hupitia Nairobi kwanza. Mwambao wetu ulikuwa na barabara yake ya angani, na sioni kwa nini tuzoee kuishi bila hiyo.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya mapanga mawili, abiria hamsini hivi. Mama alinishika mkono tangu tulipofunga mikanda mpaka feri ya Likoni ikaonekana chini, ndogo kama kiberiti. Hapo akaniachia, akasogeza uso dirishani, na hakuutoa tena. Dakika hamsini. Uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja (Mama hashangai kwamba kuna Kisauni mbili, hii na ya Mombasa), walitudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tukaitoa. Tukalala Michenzani kwa jamaa, urojo mezani, feni ikizunguka usiku kucha.

Siku ya pili, Jumatano. Unguja hadi Chake Chake

Leo ndiyo siku niliyotaka kuiandika.

Kaunta yenyewe ni meza, mizani na kijana mmoja mwenye shati jeupe. Alipima begi kwanza: kilo 19 na nusu. Kisha akasema kwa adabu, "Bi mkubwa, samahani, na wewe panda hapa." Mama akanitazama. Hajawahi kupimwa mbele za watu tangu kliniki ya uzazi. Akavua viatu, akapanda. Kijana akaandika, hakuitamka ile namba kwa sauti, na kwa hilo nilimpenda. Nikapanda mimi. Wakapanda wenzetu: mwalimu anayerudi Wete, mama na mtoto wake, wafanyabiashara wawili, wageni wawili Wazungu wenye mapezi ya kupigia mbizi, na wengine.

Nilimwomba nitazame karatasi yake, nikamweleza kazi yangu. Akanionyesha. Kwenye meli tunapanga mzigo ili chombo kisilale upande. Kwenye ndege ya viti kumi na viwili, abiria wenyewe ndio mzigo. Hesabu si jumla ya kilo peke yake. Mahali kilo zinapokaa pana hesabu yake pia. Ukiweka wazito wote nyuma, mkia unavuta chini na rubani anapata kazi ngumu kuishikilia pua. Kwa hiyo kijana yule alikuwa anapanga viti kama mimi ninavyopanga makontena: huyu mbele, huyu safu ya pili, mapezi na masanduku kwenye tumbo lililofungwa chini ya ndege.

Halafu akaja kwenye begi letu. Ndege imejaa, akasema, hakuna nafasi ya kilo nne na nusu hata kwa kulipia. Kitakachozidi kitakuja na ndege ya jioni. Mama akafungua begi pale pale sakafuni. Alitoa achari, akatoa chupa ya mafuta, akaviweka kwenye mfuko na kuufunga fundo mara tatu. Leso hakuzigusa. "Leso naenda nazo," alisema. Kijana akaandika jina letu kwenye mfuko kwa kalamu nzito, akachukua nambari ya simu yangu, akaahidi.

Ndege ni Cessna Caravan. Injini moja puani, panga moja, bawa liko juu ya madirisha kwa hiyo kila abiria anaona chini, magurudumu hayakunjwi. Chini ya mkia walikuwa wameweka mhimili wa chuma ili isikae kitako wakati watu wanapanda. Rubani alikuwa binti, sidhani kama amefika miaka thelathini. Tuliposimama tukisubiri, aliinama chini ya bawa na kikombe cha plastiki cheupe, akakibonyeza kwenye tundu dogo, mafuta yakatoka kidogo. Akakinyanyua kuelekea jua. Akakitikisa. Akakitazama kwa muda, bila haraka, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaenda upande wa pili akafanya vile vile.

Nilimuuliza anatafuta nini. "Maji," akasema. "Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Hewa ya visiwani ina unyevu, usiku matangi hutoka jasho. Tone likiwemo utaliona limejikusanya pale chini." Akanipa kikombe nikitazame. Mafuta yalikuwa safi, rangi ya majani makavu kwa mbali, na harufu ile ile ya jiko la mafuta ya taa la nyanya yangu. Mama alikuwa ameona yote. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwana wa watu huyu ana makini. Mungu amhifadhi."

Alituonyesha majaketi ya kuokolea yaliyo chini ya viti na namna ya kuyavaa, akatuambia tusiyajaze upepo tukiwa ndani. Mimi nilipewa kiti cha kando yake, mbele, kwa sababu ya uzito wangu. Akaniomba nisiguse kitu. Injini ilianza kwa mlio mwembamba unaopanda, panga likazunguka polepole likapotea machoni, tukaondoka.

Kutoka juu, bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, rangi ya feruzi, na mafungu ya mchanga yanaonekana kama mikunjo ya shuka. Tukapita Tumbatu kushoto. Ikaja Nungwi, ncha ya mwisho ya Unguja. Baada ya pale rangi inageuka. Haigeuki taratibu, ni kama mtu amechora mstari. Inakuwa buluu nzito ya kina kirefu, na upande wa Pemba na bara kina hicho ni cha mamia ya mita.

Mama aliniita kwa nyuma, akipaza sauti ashinde injini. "Ni hapa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Watu mamia kwa mamia walipotea, wengi wao wakirudi nyumbani baada ya Idi. Jamaa zetu walikuwamo, mama na watoto wake wawili. Mombasa tulisoma hitima bila maiti. Tangu siku hiyo Mama hapandi chombo cha bahari ila feri ya Likoni, na hata ile anashuka midomo ikienda.

Nilimwona kwenye kioo kidogo cha rubani amefunua viganja. Alisoma Fatiha mpaka mwisho, akajipangusa uso. Binti yule hakutugeukia, lakini alipunguza sauti ya redio.

Ndiyo maana mtu akiniambia ndege ndogo ni anasa ya watalii, nakereka. Kweli, Wazungu wa mapezi walikuwamo. Lakini kisiwani ndege ni basi, ni posta, ni gari la wagonjwa, na kwa watu kama Mama ndiyo njia pekee ambayo moyo wake unaikubali. Ni vivyo hivyo Mafia, ambako ndege hutua Kilindoni na bara inaonekana kwa mbali huku barabara hakuna. Na hapa kwetu Lamu, ndege inatua Manda, kisha abiria anashuka gatini na kuingia mashuani kufika mjini. Hesabu ni ile ile: bahari pande zote, na mtu ana dharura.

Baada ya nusu saa Pemba ilikuwa mbele yetu, kijani tupu, vilima na mabonde, mikarafuu mpaka ukingoni. Waarabu waliiita Al Jazeera Al Khadra, kisiwa cha kijani, na ukikitazama kutoka juu jina linakubali. Tulitua Wawi, mashariki ya Chake Chake. Mlango ulipofunguliwa harufu ya karafuu iliingia kabla hatujatoka.

Mama Mkubwa alikuwa kwenye benchi nje, amevaa kanga mbili na miwani minene, mjukuu wake kamshika bega. Ana miaka themanini. Mama alimwendea, akainama, "Shikamoo, dada." Mama Mkubwa hakujibu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa kama kipofu, puani, mashavuni, kwenye kovu dogo la kidevu. Ndipo akasema, "Marahaba. Ni yeye."

Mimi nilikwenda kuhesabu mabegi, ingawa lilikuwa moja.

Siku ya tatu na ya nne, Alhamisi na Ijumaa. Chake Chake

Mfuko haukuja jioni ya Jumatano. Alhamisi nilipiga simu mara tano. Mara ya kwanza waliniambia uko njiani, mara ya pili kwamba mtu wa mizigo ametoka, baada ya hapo haikupokewa. Hilo ni kosa na ninaliandika kama kosa. Ndege ikijaa, imejaa, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mteja aliyeahidiwa jioni anastahili simu moja ya kumwambia si leo. Mimi nikichelewesha kontena namwambia mwenyewe. Mama alikaa barazani siku nzima akisikiliza angani, na kila mlio wa injini aliinuka.

Ni msimu wa karafuu. Kila uwanja una mkeka, na juu ya mkeka karafuu zinageuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia. Jioni watu wanakaa duara kuchambua, kutenga karafuu na makonyo. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani pale Wawi kukamuliwa mafuta. Mama hajachambua karafuu kwa miaka sitini na moja. Akakaa mkekani, akachukua kishada, akakisugua kwenye kiganja cha kushoto kwa kupindisha kidogo kifundo, na karafuu zikadondoka peke yake, makonyo yakabaki vidoleni. Mama Mkubwa akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mikono haijasahau," akasema.

Walizungumza mpaka usiku wa manane siku zote mbili. Mimi nilikuwa nasikia Kipemba cha Mama kikirudi, maneno ambayo sijapata kumsikia akiyatumia Mombasa. Mengi yalikuwa majina ya watu waliokufa.

Ijumaa baada ya sala mfuko ukafika, kwa pikipiki. Kopo moja la achari lilikuwa limevuja kidogo. Tulikula nalo wali na pweza wa nazi.

Siku ya tano, Jumamosi. Uwanjani Wawi

Tulipaswa kuruka leo kwenda Tanga. Vuli ilianza alfajiri, mvua ya upepo, mbingu imeshuka mpaka kwenye minazi. Ndege hizi huruka mchana na rubani anataka kuona anakokwenda. Hakuna wa kumlazimisha, wala sikutaka alazimishwe. Saa nne wakatuambia tusubiri. Saa saba wakasema ni kesho.

Katikati ya kusubiri mvua ilitulia, na ndege moja kutoka Unguja ikapenya ikatua. Ilikuja gari, ndani yake mzee aliyefunikwa shuka, muuguzi ameinua chupa ya dripu, kijana wake anatetemeka. Anapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Abiria wa Unguja walikuwa wameshajaa kwenye orodha. Yule wa kaunta hakumaliza kueleza, mwanamume mmoja mwenye kanzu alinyanyuka akasema, "Toeni jina langu." Mwanamke mmoja akafuata, kisha kijana mwenye begi la shule. Walimwingiza mzee taratibu, mlango ukafungwa, na wale watatu wakarudi kwenye benchi letu la mbao kana kwamba wamempisha mtu kwenye daladala.

Nilimuuliza yule mwenye kanzu kama atarudishiwa nauli. "Nitapanda kesho," alisema. "Mwaka jana alikuwa baba yangu, na walinyanyuka wengine."

Tukarudi kwa Mama Mkubwa. Alikuwa ameshapika kwa idadi yetu.

Siku ya sita, Jumapili. Pemba, Tanga, Mombasa

Mbingu safi, imeoshwa. Begi safari hii lilikuwa kilo 14: karafuu, kanga mbili, na kopo tupu la achari ambalo Mama Mkubwa amesema lirudi limejaa. Mama alipanda mizani bila kuambiwa, viatu mkononi.

Dakika ishirini na tano juu ya ule mkondo wa buluu. Mama hakunishika mkono. Alikuwa anahesabu vyombo chini, mashua moja, mbili, akanionyesha matanga. "Sisi tulipita usiku kucha hapa," akasema. "Baba alikuwa anatuimbia tusilale, tusije tukaanguka." Hilo nalisikia leo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Tanga tulitua, tukapanda basi. Kilomita sitini na kitu mpaka Horohoro, makaratasi, mihuri, kisha Lungalunga, Msambweni, Ukunda, vumbi, vituo vya ukaguzi, mtoto akitapika nyuma yetu. Mwendo uliotuchukua dakika ishirini na tano angani ulifuatwa na saa sita za barabara, na magoti ya Mama yalivimba.

Magharibi tulikuwa Likoni, tukashuka kuvuka kwa miguu na umati. Mama akaomba simu. Alimpigia dadake akiwa amesimama kwenye mteremko wa kuingilia feri, watu wakimpita huku na huku.

"Tuko kivukoni," alisema. Akasikiliza. "La, hatujavuka bado, yajaza." Akasikiliza tena. Mkono mwingine ulikuwa ndani ya mkoba, ukilisukasuka lile kopo. "Embe za achari ni mpaka mwezi wa Disemba. Nitakwambia siku."